Wimbo Niliomtafsiria Nyanya

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha. Nimerudi chumbani kwangu hapa Nyanchwa, nguo zinanuka masizi, na maji ya kuoga yanapoa kwenye ndoo. Nataka kuandika kwanza.

Najijua. Nikioga nitaanza kujitetea.

Leo tumebomoa jiko la zamani la nyanya, kule nyumbani karibu na Sironga. Baba mdogo, kitindamimba wa nyanya, amemjengea jingine la matofali. Jana ilikuwa Sabato, kwa hivyo kazi ilingoja leo. Mimi nilipewa kazi ya kupanda darini kuteremsha vitu kabla paa halijaezuliwa.

Jiko lile lilikuwa kama majiko mengine ya zamani huku kwetu. Juu ya meko kuna dari ya fito, na moshi wa kila siku hupanda huko. Mahindi ya mbegu hukaa huko kwa sababu wadudu hawauwezi moshi. Kitu ambacho mtu anakusudia kukipanda tena ndicho hupelekwa darini.

Nyuma ya mahindi niliona gunia la mbolea lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Nililijua kabla sijalishika. Nikabaki nimeshikilia fito, na baba mdogo akadhani naogopa ngazi.

"Shuka polepole, wakili," alisema. "Ukivunjika, wezi wa Kisii watafungwa na nani?"

Mimi si wakili. Ni karani wa mahakama, na kazi yangu kubwa ni ukalimani. Shahidi anasema kwa Ekegusii, mimi nampelekea hakimu kwa Kiingereza. Kwa baba mdogo, yeyote anayeingia mahakamani bila pingu ni wakili.

Ndani ya gunia kulikuwa na santuri tisa za babu. Majalada yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Kwenye moja bado ungeweza kuona mwanamke aliyevaa glavu ndefu, kwenye jingine mwanamume mwenye tai ya kipepeo akiwa amefumba macho, lakini nyuso nyingi zilikuwa zimekwisha. Santuri zenyewe zilikuwa zimepinda kwa joto la meko. Baba mdogo alichukua moja akaivaa kichwani.

"Hizi ni kofia ama ni sahani?"

Majirani waliokuja kusaidia walicheka. Nyanya hakucheka. Alizitazama, kisha akageuka kuendelea na vyombo vyake.

"Ni zile nyimbo zake za baa," alisema. "Tieni motoni."

Nyimbo zake za baa. Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyeyatia kinywani mwake, miaka kumi na moja iliyopita, na leo nimeyakuta yangali mazima.

Niandike ilivyokuwa.

Babu alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai kule Kericho. Meneja alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia babu gramafoni ya betri na santuri alizozichoka: waimbaji wa Marekani wa miaka ya hamsini, wanawake kwa wanaume, wenye bendi kubwa na vinanda vya nyuzi nyuma yao. Babu alizileta nyumbani akafanya nazo jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mzee mwingine wa kanisa letu. Kila Jumamosi, jua likishazama na Sabato kufungwa kwa sala, alitoa gramafoni, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na kupiga wimbo mmoja. Sikuzote ule ule. Nyanya akipukuchua mahindi, yeye amekaa karibu naye, kidole chake kikigonga goti la nyanya taratibu kufuata ngoma. Wimbo ukiisha alifunga kila kitu. Wiki imeanza.

Nyanya hajui Kiingereza. Babu alijua cha jikoni. Alikuwa amemwambia kwamba mwimbaji anasema hatamwacha mke wake, hata wabaki wawili tu duniani. Miaka thelathini nyanya aliujua wimbo huo hivyo.

Kisha mimi nikaenda shule ya bweni, na katika muhula wa pili wa kidato cha pili tukawa na wiki ya maombi. Mhubiri mgeni alitufundisha kwamba muziki wowote ambao haumtaji Mungu una mwenyewe anayeumiliki, naye ni Shetani. Nililia. Nilitupa vitu vyangu. Nilirudi nyumbani nimekonda, macho makali, nikitafuta mtu wa kumwokoa.

Jumamosi hiyo babu alitoka kidogo kufunga ng'ombe, santuri ikiwa bado inazunguka. Nyanya akanigeukia kwa utani, kama wanavyotaniana nyanya na wajukuu huku kwetu: "Mke mwenzangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, huyu mtu anayelia hapa, analia nini hasa?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Waimbaji wale hawamezi maneno. Unasikia hata pumzi wanayovuta kabla ya mstari.

Nikamwambia, nikimwita kama tunavyowaita nyanya kwa Ekegusii, "Ni mlevi, Magokoro. Yuko baa. Anamwambia mke wa mtu mwingine amwache mumewe wakalale."

Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka: jinsi uongo ulivyotoka umekamilika.

Babu aliporudi, nyanya alimwuliza mbele yangu, mbele ya baba mdogo na shangazi wawili. Kwa nini amemdanganya miaka yote hii? Mtoto aliyesoma amesema wimbo unasema hivi. Babu alinitazama. Alikijua Kiingereza cha kutosha, na nikajua kwamba anajua. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari kubishana naye kwa maandiko.

Alisema tu, "Mtoto amesoma. Kama amesema hivyo, ni hivyo."

Akazima gramafoni. Kesho yake aliiuza kwa fundi wa redio. Santuri hakuziuza. Alizifunga ndani ya gunia akapanda nazo darini mwenyewe, akaziweka pamoja na mbegu. Labda hakujua kwamba moshi unaolinda mahindi ungezipinda. Labda alijua. Aliishi miaka sita zaidi, na Jumamosi zote za miaka hiyo nyumba ile ilifunga Sabato kwa sala kisha ikanyamaza.

Kwenye mazishi yake niliombwa nisome wasifu. Nilisoma vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipofika chuo nilianza kuzitafuta nyimbo hizo. Kwanza ule wa babu, kisha nyingine za kizazi hicho. Sasa simu yangu imejaa. Nikirudi kutoka kazini navaa visikizi, nalala chali, nawasikiliza watu waliokufa zamani wakiimba kana kwamba wameketi ukingoni mwa kitanda changu. Napenda wanavyochelewa. Bendi inafika, mwimbaji hajafika, unadhani amesahau, kisha anaingia nyuma ya ngoma kwa nusu pumzi na kila kitu kinakaa mahali pake. Napenda ile brashi ya waya inayofagia ngoma. Napenda hata mkwaruzo wa santuri uliobaki ndani ya rekodi.

Yaani nilimnyang'anya mzee wimbo mmoja kwa wiki, kisha nikajipatia zote.

Na kazi yangu, kila kesi inapoanza, ni kuapa kwamba nitafasiri kwa ukweli. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Mosocho, shahidi katika kesi ya mpaka wa shamba, alinishika mkono koridoni akasema, "Umenisemea kama mtoto wangu." Nilimshukuru. Nilikwenda nikanawa mikono kwa muda mrefu.

Basi leo. Baba mdogo alikuwa tayari amelibeba gunia kuelekea motoni. Nilimwambia aliache. Akaniuliza nataka kofia ngapi. Nilimfuata nyanya upande wa migomba, alikokuwa akisugua sufuria kwa majivu. Nayaandika kwa Kiswahili, lakini tulizungumza Ekegusii, lugha niliyomdanganyia.

"Magokoro, wimbo ule hausemi nilivyokuambia."

"Wimbo gani?"

"Wa babu. Wa kila Jumamosi."

Aliendelea kusugua. "Unasemaje basi?"

"Unasema alivyokuambia yeye."

Mkono ukasimama. Alifikiri kidogo, kisha akanifungulia mlango, kwa sababu ananipenda. "Ulikuwa bado unajifunza. Hukusikia vizuri."

Ningeingia. Ningesema Kiingereza cha Wamarekani kina matata, angekubali, tungemaliza vyombo.

"Nilisikia kila neno," nilisema.

Nikamweleza habari za mhubiri, na kuhusu joto lile nililorudi nalo nyumbani. Alisikiliza bila kunikatiza, kama hakimu.

"Kwa hivyo ulitaka kuniokoa."

"Ndiyo."

"Na mzee wangu."

Nilitazama sufuria mkononi mwake.

"Unajua nililala jikoni miezi minne?" alisema. "Nilimwambia ni kifua, nataka joto la moto. Kila nikimwona ananyoa ndevu najiuliza, huko Kericho alikuwa akimpigia nani wimbo huu? Nikamtafutia mwanamke kichwani mwangu. Nikampa mwanamke huyo na nguo. Gauni la kijani."

Alicheka, kicheko kifupi kikavu, kisha akafuta uso kwa mgongo wa mkono na majivu yakabaki shavuni. Sikuthubutu kuyapangusa.

Hilo la jikoni sikulijua. Nilidhani nimechukua wimbo tu.

Akasema nimweleze wimbo wote, mstari kwa mstari, nisiruke. Nilitoa simu. Ule wimbo ukaanza, mdogo, unatoka kwenye kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni, na nyanya akainama kuusikia. Nilikuwa nausimamisha kila baada ya mstari na kumpa kwa Ekegusii, kama kazini, nafsi ya kwanza, bila kupamba. Kuna mahali mwimbaji anasema mikono ya mkewe imechakaa kwa kuijenga nyumba yao, na bado ndiyo anayoitafuta akiamka kabla hakujapambazuka.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo hakuniambia."

"Labda hakuielewa."

"Aliielewa," nyanya alisema. "Aliona haya."

Kutoka juu ya paa baba mdogo alipaza sauti akiuliza kama sisi wawili tumekuja kubomoa au kusikiliza redio. Nyanya alimjibu kwamba aangalie misumari yake. Kisha akaniambia gunia lirudishwe, liwekwe chumbani kwake, chini ya kitanda.

"Haziwezi kuimba tena," nilimwambia.

"Nimekuuliza kama zitaimba?"

Kaburi la babu liko pale pale kwenye migomba, hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa. Nilikuwa nimelitazama muda wote, na nyanya aliona.

"Ningekutuma ukamwambie," alisema. "Lakini wewe na mimi tunajua tunachoamini. Wafu hawajui neno lolote. Amelala. Huwezi kumpelekea kitu."

Nimesikia fundisho hilo tangu nikiwa darasa la Sabato la watoto, na sikuzote lilinifariji. Leo nililisikia kama mlango unaofungwa.

"Lakini watoto wake wanasikia," nyanya aliendelea. "Wote sita wamebaki wakijua baba yao alinidanganya. Huyu kwenye paa ametaniwa nalo na kaka zake. Jumamosi nitawaita. Tukishafunga Sabato utasimama uwaambie, kama ulivyoniambia mimi."

"Sawa, Magokoro."

"Na baba yako atakuwepo."

Baba yangu ndiye kifungua mimba wa babu. Ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyenilipia shule iliyonifanya niaminiwe. Nyanya alijua anachosema.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alinipa sufuria ya pili nisugue, tukafanya kazi mpaka matone ya kwanza yakaanguka. Nilipoaga hakuniita mke mwenzake. Aliniita kwa jina langu.

Sasa niko hapa na ndoo yangu. Nimejaribu mara mbili kuandika nitakachosema Jumamosi. Mara zote mbili nimejikuta nikimweka mhubiri mbele, kisha shule, kisha umri wangu, na babu anakuja mwishoni kabisa. Nimefuta.

Wataniuliza kwa nini nilinyamaza miaka sita akiwa hai, nikipita mlangoni kwake kila likizo. Hilo swali nyanya hakuniuliza. Baba ataliuliza, namjua. Jibu ni kwamba niliona aibu, na kwamba aibu yangu niliihesabu kuwa nzito kuliko nyumba yao iliyonyamaza. Sina jingine.

Jumamosi nitasimama. Nitasema babu alikuwa mkweli, nitasema uongo ulikuwa wangu, kwa mpangilio huo. Sitawaambia kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita. Wanaweza kuhesabu wenyewe, wakitaka kunihurumia.