Ndugu yangu yuko Mombasa, macho yake yako dukani Satwa

Mshauri wangu mpendwa, assalaam alaykum. Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana mimi nilisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi tu kisha nikashika sindano, lakini leo baada ya kuswali alfajiri nimejiambia wacha nimwandikie huyu mama, kwani moyo umenielemea na hapa Dubai sina wa kumwambia ila Mwenyezi Mungu, naye anajua tayari.

Mimi ni mjane wa makamo kutoka Mombasa, nashona mabuibui na kupima wanawake katika kiduka chetu hapa Satwa. Nasema chetu, lakini leseni na mtaji ni vya mdogo wangu Mahfudh, mimi ni fundi tu, na viza yangu imefungamana na duka hilo, likifungwa nami nimefungiwa, na binti yangu Afrah yuko chuo cha uuguzi nyumbani ananitegemea mimi. Zamani Mahfudh alikaa mbele na vitambaa, mimi nyuma ya pazia na wateja. Kisha mama yetu akapatwa na kiharusi, na Mahfudh akasema yeye ndiye atakayerudi kumuuguza, na wallahi anamuuguza, anamlisha kwa mkono wake, kwa hivyo usifikiri nimekuja kumsengenya ndugu yangu.

Kabla ya kuondoka alinunua vitu hivi vya siku hizi vinavyokwenda kwa mtandao, kamera, kiyoyozi na taa, vyote vinatii simu yake hata akiwa ng'ambo. Akaniambia, "Dada, nitakuwa Mombasa lakini nitakuwa hapa hapa." Nikasema alhamdulillahi, nimepata mwenza. Mshauri, sikujua nimepata mwenye nyumba ndani ya ukuta. Joto la Julai mteja anatokwa jasho mpaka kwenye hariri, kiyoyozi kimepunguzwa kutoka Mombasa, nikimpigia ananijibu, "Dada, mko watu watatu tu humo, ya nini baridi ya maiti?" Nikiwa sijdani naswali nyuma ya cherehani taa zinazimwa, amedhani duka halina mtu. Kamera nayo ina kipaza sauti, basi tukipumzika kidogo anatuita. Fundi mwenzangu Edna, Mtanzania, ana maneno yule, akila chapati huinyanyua juu na kusema, "Karibu bosi wa ukutani, usije ukasema Watanzania wachoyo." Tukacheka, tukazoea, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Maana Mahfudh alipoondoka nililifanya duka lote kuwa la wanawake watupu. Nikakitoa kioo kikubwa nyuma ya pazia nikakileta mbele penye mwanga, mlango nikautia pazia zito, na wanawake wakafurahi sana, wakaambiana kwa Satwa nenda pale hakuna mwanamume, wakawa wakija wanavua buibui na mtandio, nywele wazi, wengine na kigauni chepesi tu, wanajigeuza mbele ya kioo na kucheka kama wako kwao. Na kamera iko pale pale juu ya kabati la vitambaa, nyeupe, ndogo kama yai, inatazama kioo. Wateja walidhani ni kile kidude cha kuleta mtandao, nami sikuwaambia kitu. Mwanzo nilikuwa nikiifunika kwa leso wakiingia watu, lakini Mahfudh akawa anapiga simu, "Mbona giza? Mnaficha nini?" nikachoka na maswali nikaacha. Na nikuambie kweli yangu, mshauri, kwangu yule alikuwa Mahfudh tu, mtoto niliyembeba mgongoni, mbele yake mimi hukaa kichwa wazi, nikasahau kabisa kuwa kwa wale wanawake ni mwanamume baki asiye ndugu yao.

Basi tuna mteja wetu Bi Sheikha, mama wa Kizanzibari anayekaa Al Warqa, mwenye watu wengi, nusu ya wateja wetu ni yeye aliyetuletea. Alikuja kujaribu buibui lake, kavua mtandio, nywele ametoka kuzitia hina, anasimama mbele ya kioo ananiambia, "Hebu nitazame, mwenzangu, mabega haya yamenikaa?" Na kabla sijajibu ikatoka sauti ya kiume juu ya kabati: "Yamekaa barabara, mama! Ila pindo lipunguzwe kidogo."

Mshauri, ndugu yangu alidhani anatusaidia kuuza. Bi Sheikha aliruka, akavuta kitambaa cha mtu mezani akajitanda. "Nani huyo? Yuko wapi?"

Edna akamwambia, "Usiogope, mama, huyo ni bosi tu, yuko Mombasa."

"Yuko Mombasa na analiona pindo langu?"

Akatoka na ndara za duka miguuni, viatu vyake akaviacha.

Kutwa nzima sikushika mkasi. Kesho yake akaniletea ujumbe wa sauti, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema, "Mwenzangu, sitaki ugomvi. Harusi ya Ghada wangu imekaribia na nguo zote nataka uzishone wewe, ya bibi harusi na za shangazi zake. Lakini niapie kwa Mungu kwamba picha zetu hazikubaki popote na hakuna mwengine aliyeziona. Ukiapa, khalas, sitamwambia mtu."

Nikampigia Mahfudh. Akasema, "Apa tu, dada, mimi hutazama mubashara, siweki." Nikamkumbusha kuwa mwezi wa Ramadhani aliniletea kipande cha picha kunionyesha nilivyokata hariri vibaya jana yake, sasa kilitoka wapi? Akasema, "Hizo hujifuta zenyewe."

"Lini?"

"Sijui. Lakini nani atazitazama, dada? Simu ni yangu."

Na hapo hapo, mshauri, nyuma yake nikamsikia shemeji yake Mubin, kaka wa mkewe anayekaa nao, anacheka: "Mwambie yule wa hina asilipunguze pindo, liko sawa!"

Nilikata simu. Hina ile ilikuwa nywelani, si mikononi; aliyeijua ameziona nywele.

Sasa nikiapa nimelitaja jina la Mungu kwa uongo, nami sina kingine ila dini yangu. Nikisema kweli, Bi Sheikha hatanyamaza na ana haki, duka litafungwa, nitarudi mikono mitupu, Afrah atatoka chuoni na mama atakosa dawa. Mahfudh ananiambia, "Utaniangamiza kwa jambo ambalo hakuna aliyelikusudia?" Nimefikiria nimwambie nusu tu, kwamba kamera imeondolewa, yaliyobaki nimwachie Mungu. Je, nusu inatosha? Bi Sheikha anangoja jibu, na simu ikilia siishiki. Nimechoka kutazamwa, lakini nimechoka zaidi nikikumbuka kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia vueni, jisikieni nyumbani.

Ni mimi fundi wenu,
Satwa, Dubai

JIBU

Dada yangu wa Satwa, wa alaykum salaam. Pole. Kuendesha duka huku sauti inakusimamia toka juu ya kabati kungemchosha hata mtu wa chuma.

Usiape. Hilo limekwisha, tusilizungumze tena. Na ile nusu unayotaka nikuruhusu, sikuruhusu. Bi Sheikha hakukuuliza kama kamera imeondolewa. Amekuuliza nani amemwona. Ukimjibu swali jingine umemdanganya kwa adabu.

Sasa nikugombeze kidogo, maana uliniandikia nikujibu kama dada. Mahfudh ni ndugu yako wa damu, sawa. Lakini mwanamke akivua mtandio mbele yako hajauvulia ukoo wako mzima. Kioo ulikisogeza wewe. Wateja walidhani yai lile ni la mtandao, wewe ukaona wanavyodhani, ukaendelea kupima. Umechoka, nakuelewa, ila uchovu wako haukuwa ruhusa ya kuwavua wenzako.

Mahfudh naye mwambie haya kwa jina langu. Kumlisha mama kwa mkono ni ibada kubwa, Mungu amlipe, lakini haimpi ruhusa ya kutazama wake za watu. Na kama anajali biashara tu, basi ajue hata biashara haijui. Vitambaa vimejaa Satwa yote. Ninyi mlikuwa mnauza mlango uliofungwa, na yeye ameuacha wazi mpaka Mombasa, sebuleni, mbele ya Mubin. Kamera aliyoiweka ilinde mali ndiyo iliyoila mali.

Sikiliza utakavyofanya. Leo, kabla ya kufungua duka, chomoa kamera kwenye umeme. Usiifunike, ichomoe. Kisha mpigie Mahfudh, afute kila kitu kwenye simu yake na kule kifaa kinakoweka akiba yake, na kama hajui ni wapi, atafute anayejua, asikae akisema zinajifuta. Neno la siri libadilishwe na likae kwako, la kiyoyozi pia, maana na wewe una mwili. Akileta ukali, mkumbushe kuwa nchi uliyopo haina mzaha na picha za watu ndani ya stara zao, na leseni ina jina lake, si lako. Hapo utasikia sauti imelainika. Kioo kirudi nyuma ya pazia kilikokuwa. Akitaka kulinda hariri yake, anunue kufuli.

Halafu nenda Al Warqa. Si kwa simu. Nenda na miguu yako, umchukue Edna kama peke yako huwezi, naye siku hiyo asifanye masihara. Mwambie: "Bi Sheikha, siwezi kukuapia. Picha zilibaki, na si ndugu yangu peke yake aliyeziona. Zimefutwa na kamera nimeing'oa. Kosa la kutowaambia ni langu." Kisha nyamaza. Usimtajie Afrah, usimtaje mama, usitaje viza. Ni mizigo mizito kweli, lakini ukimtwika siku hiyo utakuwa unamlazimisha akusamehe kwa huruma. Akitaka kuwaambia wanawake wengine, mwambie utaanza wewe, uwapigie mmoja mmoja.

Naweza kukuahidi kuwa duka litabaki? Siwezi. Huenda harusi ikaenda kwa fundi mwingine na duka likayumba. Kwa hivyo anza sasa hivi kuulizia mafundi wenzako nani anahitaji mpimaji, maana mkono wako haumo kwenye leseni ya Mahfudh. Afrah naye mwambie mapema hali ilivyo. Anasomea kuuguza watu, ataweza kusikia kwamba mamake anaumwa.

Lakini nenda leo hii, dada yangu, kabla simu ya Bi Sheikha haijalia. Akikuwahi yeye, kwa ule upole wake, utaapa. Nakuona katika barua yako: umechoka, na mtu aliyechoka huapa ili aachwe alale.