Gololi ya Nyongeza

Jumatatu, 12 Mei

Mwanangu Zuhura kajitia gololi puani sasa hivi. Imetoka, anacheka. Mimi cheko sina. Gololi ya mwalimu hiyo, nimeondoka nayo kiganjani kwa hasira.

Darasa letu la tulioacha shule. Mwalimu kaning'iniza fimbo, kopo huku na kopo kule. Huku mifuko miwili iliyofungwa na gololi tatu. Kule gololi kumi na moja. Fimbo sawasawa. Tujue kila mfuko una gololi ngapi bila kufungua. Ndio mlinganyo, kasema. Kaniita mimi.

Nimeona fimbo imekaa sawa, mkono ukatia gololi moja zaidi kwenye kopo la mifuko. Mazoea. Nauza dagaa na mama hapa Kigombe, mizani ikitulia unamtilia mteja nyongeza. Fimbo ikalala upande.

Mwalimu akadakia: "Mama Zuhura, hapa hatuuzi dagaa!"

Mwanaidi naye nyuma: "Shoga, na mimi nyongeza yangu!"

Darasa zima kicheko. Masikio yananiwaka mpaka sasa.

Alhamisi kuna jaribio, asiyeweza ataanza upya mwakani. Na mama kakubali kunishikia mtoto mwaka huu tu.

Jumanne, 13 Mei

Hasira iko palepale. Dagaa wetu mwalimu anakula, sisi wauzaji anatucheka. Ana maneno ya shombo yule.

Jumatano, 14 Mei

Nimefunga makopo kwenye mwiko, nikauning'iniza, kokoto ndizo gololi, mifuko kanifungia mama. Kila nikitoa, mwiko unalala. Nikachoka, nikazirudisha zote, nikauacha.

Zuhura kaja na kokoto zake. "Huyu moja. Na huyu moja." Mwiko ukakaa sawa tena. Mimi ndiye niliyemfundisha, ukimpa mmoja karanga, na mwenziwe mpe.

Kumbe! Ukitia huku, tia na kule. Ukitoa, vilevile. Nikatoa za Zuhura, kisha tatu huku, tatu kule. Mifuko miwili, kokoto nane. Nne nne!

Nimembusu mwanangu mpaka kanisukuma. Halafu hasira ikapanda upya. Si mwalimu angesema tu hivyo, badala ya kunicheka?

Alhamisi, 15 Mei

Nimeweza. Mbele ya wote, mifuko mitatu. Mwalimu kasema "vizuri", basi. Radhi hakuniomba.

Gololi yake nikamwekea mezani. "Nyongeza yako, mwalimu." Mwanaidi kacheka mpaka kashika tumbo. Hata mwalimu kainamisha uso.

Mtoto kalala mapajani. Nawaza, mifuko ikiwa pande zote mbili je? Mwalimu hajafika huko. Nadhani nitatoa mfuko mmoja huku, halafu na kule nita... Mama huyo ananiita. Abee, nakuja!