Niwie Radhi ya Dereva Saidi

Alhamisi, Temeke

Nimechoka. Kesi ya magari matatu yaliyogongana Kibamba imekwisha leo. Kutwa nzima nimemtafsiria hakimu Mzungu.

Askari alieleza kwamba Saidi, dereva wa lori, alimwambia majeruhi, "Niwie radhi, ndugu yangu."

Hakimu akanigeukia. "Basi alikiri kosa?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Nikasema, "Hapana, bwana. Ndivyo tunavyomwambia mtu aliyeumia, hata kama kosa si letu."

"Kazi yako kutafsiri, si kutetea," akanikemea. Lakini aliandika jibu langu.

Mwishowe kosa likamwangukia mwenye gari lililosimama katikati ya barabara bila taa. Saidi akaachiwa. Nje alinishika mkono akalia tu.

Kesho huenda wakubwa wakaniita ofisini kwa kumjibu hakimu vile. Wakiniuliza nitajibu vilevile, ila naomba wasiniulize.