Mkwe Anishike Goti?

Zuhra, niko Kibondo na mama, kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo. Nimechoka mpaka basi.

Tumetoka Gwarama alfajiri kwa ajili ya goti lake. Mlango unafunguliwa, mtaalamu mwenyewe ni Makarius. Makarius huyu huyu aliyeleta mahari ya mdogo wangu Esteri mwezi uliopita.

Akasema kwa adabu, "Mama, panda kitandani tunyooshe mguu."

Mama kajifunika kitenge mpaka usoni. "Mkwe anishike goti?"

Amesema hivyo mbele yake, Zuhra. Mkwe anishike goti.

Makarius akajitolea kugeukia ukutani, aelekeze kwa mdomo tu. Mama akasema, "Atanisikia nikiguna."

Halafu akainuka, fimbo kaiacha. Miezi mitano tunamshika kwenda chooni, leo aibu imemtembeza peke yake mpaka getini.

Sasa amekaa kwenye jiwe, goti limekaza, hawezi kuinuka. Nimemvuta nimeshindwa. Mlinzi ni mzee kuliko yeye.

Mwenye nguvu hapa ni Makarius peke yake. Naye amesimama mlangoni, ametazama chini, anasubiri kuitwa.