Jedwali la Rangi

Jumatatu, 4 Desemba
Tumeanza kusahihisha. Wasahihishaji kumi na wawili, ukumbi mmoja, feni moja — inayompulizia Mwenyekiti. Swali langu ni la saba: matumizi ya rangi katika riwaya. Jedwali la majibu limebandikwa ukutani. Nyekundu: hatari. Nyeusi: uovu. Nyeupe: usafi wa moyo. Kijani: matumaini. Hoja isiyomo jedwalini, sifuri. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekuta matumaini mara mia na arobaini.

Jumanne, 5 Desemba
Mtahiniwa 0417. Katika riwaya kuna mjane wa gauni jeupe. Huyu ameandika kwamba weupe ule si usafi wa moyo, ni kazi: gauni ni moja, hufuliwa kila jioni. Doa la ukosi limetajwa mara tatu, na kila mara aliyeliona ni mama mkwe. Kwa hiyo nyeupe ni macho ya watu. Nimefungua riwaya. Kurasa za 31, 88 na 140 — kweli tupu! Miaka kumi na tisa naifundisha; doa sikuliona.
Kwa jedwali: sifuri. Maswali mengine yamempa 36. Kufaulu ni 40.

Jumatano, 6 Desemba
Nimemwonyesha Mwenyekiti. Amekiri kwamba mtahiniwa anajua. Ila jedwali halimjui. Tukigusa mstari mmoja, karatasi zote elfu tatu zirudiwe, na gari la Ijumaa limeshaagizwa. Jirani yangu wa meza, tumwitaye Kasi kwa karatasi zake themanini kwa saa, akadakia: "Mwalimu, usiamshe aliyelala, utalala wewe!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akahitimisha kwa unyenyekevu: aliyetunga jedwali alikuwa bingwa, Mungu amrehemu, sisi ni nani tumkosoe?
Nilirudi kwenye karatasi zangu. Jedwali nililitunga mimi, miaka kumi na minne iliyopita, nikisubiri zamu kwa kinyozi.

Alhamisi, 7 Desemba
Mke wangu, fundi cherehani, amenisikiliza bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Doa la ukosi? Baba Watoto, ungeniuliza mimi." Kisha, baada ya mshono mrefu: "Na huyo marehemu wenu atasema lini?"

Ijumaa, 8 Desemba
Saa nne. Mabegi yamepangwa mlangoni. Mwenyekiti ameuliza kama kuna mwenye neno, kwa sauti ya mtu asiyelitaka. Nimesimama. Nimesema jedwali ni langu, na nilikosea.
Kasi ameniuliza, kwa upole wa kumsemesha mgonjwa, kama nimekunywa maji. Mwenyekiti ametaka uthibitisho wa maandishi kwamba mimi ndimi bingwa. Sina. Ametoka kupiga simu kwa wakubwa.
Huko nje dereva anapiga honi. Bahasha ya swali la saba iko wazi mezani, gundi tayari. Imepungukiwa na karatasi moja. Kasi amenyoosha mkono. "Lete basi, ndugu yangu, tukapumzike."
Naandika kwa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto nimeishika 0417, na siiachii.