Mteremko wa Mlango wa Nyuma

Jumapili, 4 Agosti

Dada amekubali kuja kukaa kwangu! Atafika Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Miaka minne hajakanyaga hapa, tangu niandike ile makala juu ya walimu wakuu wanaotawala kwa fimbo. Sikumtaja jina. Nani hakujua ni yeye?

Sasa kiharusi kimemweka kwenye kiti cha magurudumu. Ana sharti moja, kalituma kupitia mwanawe: hataki kubebwa. Gunia ndilo hubebwa.

Mlango wa nyuma una ngazi tatu. Nitajenga mteremko juu yake. Mwenyewe. Mafundi nimewachapa gazetini mara sita, hakuna atakayenijia.

Jumatatu, 5 Agosti

Jirani, fundi mwashi mstaafu, kachungulia juu ya ukuta akaniuliza urefu wa mteremko. Hatua mbili, nikamjibu. Akasema hiyo ni njia ya kupandishia ng'ombe kwenye lori. Kiti kinataka hatua sita, tena ndefu. Tumebishana nusu saa. Nimemtolea vitabu, historia, hata piramidi. Karudi kwake. Nimeshinda hoja — nikamwaga zege.

Jumatano, 7 Agosti

Nimejaza toroli mchanga, nikalisukuma juu. Likafika nusu, likarudi nami hadi kwenye kamba ya nguo. Asiyesikia la mkuu... mguu haukuvunjika, umevimba tu.

Nimeshinda na nyundo, nikibomoa nilichokishindania. Jirani kaniletea pima maji yake ya kupimia usawa. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 8 Agosti

Uani hapakutosha hatua sita kwa mstari mmoja, basi njia imepinda kufuata ukuta. Nimemwaga zege upya, nikalifunika magunia yaliyolowa. Jirani kasema nilimwagilie siku saba, gurudumu lisiguse kabla. Siku saba — ndiyo siku yenyewe ya Dada.

Ijumaa, 9 Agosti

Alfajiri, mpira wa maji mkononi. Zege linakunywa, linageuka rangi ya wingu, linanukia kama mvua ya kwanza. Nimesimama hapo sijui muda gani. Nimeona kiti kikipanda chenyewe, polepole, kikipita jikoni, sebuleni, na Dada amekaa wima kama alivyokuwa akinisuka nywele, magoti yake yakinibana mabega. Maji yalikuwa yameshajaza viatu vyangu.

Makala ya wiki sijaandika. Sina wa kumgombeza.

Jumamosi, 10 Agosti

Yupo uani! Mwanawe kapata safari ya kazi, kamleta leo. Dada ndiye aliyemkataza kunipigia — eti ningeanza kubisha. Kijana alishika kiti ili tukiinue pande mbili. Mama yake akamtazama. Akakiachia. Ameshaondoka.

Zege lina siku mbili, bado tano.

Dada kaufuata mteremko kwa macho, mwanzo hadi kwenye kona.

"Umejenga mwenyewe?"

Mwenyewe, nikamwambia.

"Ndiyo maana umepinda."

Nilikuwa na majibu matatu. Nimeyameza yote.

Akanyoosha mkono ulio mzima, akauchukua mpira. "Pembeni hujafikisha maji, mdogo wangu."

Miaka minne sijaitwa hivyo.

Jua limeshuka hadi kwenye kamba ya nguo. Nimetoa godoro langu, nimelitandika chini uani. Kaliona, hajauliza la nani. Kutoka kitini hadi godoroni lazima ashikwe, na wote wawili tunalijua. Anaendelea kumwagilia.