Darubini ya Shangazi Yetu, Fundi Miwani

Mwaka umetimia, Shangazi, tangu ulipotuacha na miwani kumi na moja ya wateja mezani, kila moja na karatasi yake. Watu wanasema mwaka ukipita hasira nazo zinapoa. Zetu hazijapoa. Tumekukasirikia kwa kuficha maumivu ya kifua na kusema "ni gesi tu" hadi asubuhi ile. Na sisi kwa sisi tumekasirikiana. Leo tunasema yote, maana hukupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Ulikuwa mwema, hilo halina ubishi. Aliyekuja na miwani iliyokatika mkono hakuambiwa arudi kesho. Bibi asiyeona tundu la sindano ulimtungia uzi kwanza, ndipo ukampima macho. Miwani yako mwenyewe ilifungwa waya mwaka mzima. Ukisemwa, unajibu, "Mganga hajigangi."

Ukishafunga duka, jioni ilikuwa ya darubini. Uliiunda mwenyewe, ndefu kupita mlango, na pale pa kutia lenzi ya jicho ukaweka mdomo wa inchi mbili. Baba Mkubwa, kaka yako, fundi bomba, alikucheka weee.

"Dada, si uweke wa inchi moja na robo kama wenzako? Lenzi zake nyepesi, na ziko tele."

"Kwa mwezi na Zohali sawa, huo unanitosha. Lakini Kilimia ni kundi la nyota, kinataka nafasi. Shingo ya lenzi ikiwa nyembamba, anga inakatwa pembeni. Fundi bomba mzima nikufundishe mimi kuwa njia nyembamba inapitisha kidogo?"

"Jicho si ndoo, dada!"

"Na kichwa chako je?"

Mnacheka, mnaachana.

Lenzi ndogo ulikuwa nazo pia. Ukitaka kutumia hizo, unatia pete mdomoni ili zisipwaye. Ukiitoa pete, inaingia ile kubwa, nzito kama kopo la maziwa, mpaka ukaning'iniza mfuko wa misumari upande wa pili ili darubini isiiname. Kila mwaka, Kilimia kikianza kuonekana jioni, uliiweka nje ya duka. Mpita njia yeyote ulimvuta mkono aje achungulie.

Siku ya nne ya msiba, Baba Mkubwa aliingia dukani kupanga vitu. Akaikuta pete inacheza. "Ridyusa imelegea hii, itapotea," akasema, kwa jina la kiungo cha kupunguzia mdomo wa bomba. Akakoroga gundi ya chuma, akaibandika moja kwa moja. Mimi, binti wa mdogo wenu, ndiye niliyemshikia kopo. Nilijua anaharibu, Shangazi. Ni mimi peke yangu uliyenifundisha lenzi ipi inaingia wapi. Nikanyamaza kwa sababu alikuwa anakoroga huku analia.

Jumapili iliyopita tuliitoa darubini nje ili tukukumbuke. Lenzi kubwa ikagoma kuingia. Tukaweka ndogo. Muuza vocha wa jirani akachungulia, akasema, "Mbona nyota zimepungua? Au marehemu kaondoka nazo?"

Watu wakacheka. Nikasema mbele ya watu wote, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono, "Ni ile gundi, Baba Mkubwa. Uliziba."

"Wewe ulijuaje?"

"Si nilikushikia kopo."

"Mwaka mzima unanitazama tu?"

Mama akaingilia, "Shemeji, mwache mtoto."

"Simwachi! Leo nikimwacha yeye, kesho na nyie mtanificha mengine. Mnaninyamazia kama mgonjwa!"

Akaondoka. Tukadhani kasusa. Akarudi na ubapa wa msumeno wa chuma, akaikata pete kwa ndani, mikato miwili, kama anavyotoa kiungo kilichoganda kwenye bomba. Mdomo umebaki na mkwaruzo, lakini lenzi yako imeingia. Hakuniomba radhi. Na mimi sikumwomba.

Akawa wa kwanza kuchungulia. Kilimia chote kilikuwa ndani, kimezungukwa na giza pande zote. Alikaa pale hadi foleni ikaanza kunung'unika. Alipoinuka, alikuwa anafuta uso.

"Sasa kwa nini hakuniambia kuwa ni hivi?"

"Alikwambia!" Tulipiga kelele wote, hata Baba, asiyempandishia kaka yake sauti. "Alikwambia mpaka mate yakamkauka!"

"Kuambiwa niliambiwa. Lakini kuchungulia, sijawahi hata siku moja."

Hapo hasira zetu zikakurudia wewe. Miaka yote hiyo! Ulimvuta mkono muuza vocha, ukamvuta mwenye kiatu kibovu anayekimbilia kwake, ukavuta watoto usiowajua hata majina. Kaka yako alisimama pembeni yako kila mwaka, mkitaniana, na hukumvuta. Na yeye hakuomba. Sasa anachungulia peke yake, na hana wa kubishana naye.

Wanaokukumbuka ni kaka yako fundi bomba, mdogo wako, wifi yako, na mimi binti wa mdogo wako. Bado tumekukasirikia, Shangazi. Na hatutakusahau maisha yetu yote.